Kengele ya Papa Zéphyrin

Kamati ya yubile ilinipa kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kuwafundisha watoto wimbo wa kukaribisha wageni, nikaifanya. Ya pili ilikuwa kuhakikisha choo cha wageni kinapata mlango. Hiyo nayo niliifanya, ingawa hadi leo sijaelewa kwa nini mwalimu wa darasa la sita, mwenye watoto sitini na wanane, ndiye aliyeonekana fundi wa milango. Ya tatu ilikuwa kuandika maisha ya Papa Zéphyrin, ukurasa usiozidi mmoja, yasomwe mbele ya mjumbe wa askofu kabla mzee hajakabidhiwa cheti na blanketi. Baada ya kusomwa, yeye mwenyewe angepiga kengele mapigo hamsini, pigo moja kwa kila mwaka wa shule yetu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho.

Shule yetu iko upande wa Walikale, mwendo wa saa mbili kwa miguu ukitoka Mpofi, pale ambapo milima ya ng'ombe ya Masisi imekwisha na msitu umeanza kweli kweli. Ina jina la mtakatifu, limeandikwa juu ya mlango wa ofisi, lakini hakuna anayelitumia. Watu wanasema Kwa Masista, ingawa sista wa mwisho alipanda pikipiki akaenda zake zamani sana. Yubile ilikuwa ifanyike mwezi wa tano. Ikasogezwa hadi wa tisa kwa sababu ya risasi, kisha hadi wa kumi na moja kwa sababu ya barabara. Directeur Nestor, mkuu wa shule, akaapa kwamba haitasogezwa tena hata mbingu zianguke. Mbingu za kwetu huanguka mara kwa mara, lakini safari hiyo zilimsikiliza.

Siku ya kikao, Directeur aliposoma habari ya cheti, blanketi na mapigo hamsini, wote walipiga makofi isipokuwa mtu mmoja. Huyo ni Mama Kétsia. Jina lake la kuzaliwa ni Kavira, watu wake ni wa Butembo, na duka lake ndilo linalotupa chumvi, sabuni na mafuta. Ana pikipiki mbili zinazobeba mizigo hadi Masisi. Kétsia alikuwa mtoto wake wa kwanza. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mtoto awe hai au awe kaburini, kwa hiyo kila asubuhi kijiji kizima, kikitaka chumvi tu, kinamtajia marehemu wake.

Alisimama, akafunga vizuri kitenge chake. "Muchele nitatoa," alisema. "Mafuta nitatoa. Mapikipiki yangu itabeba viti. Lakini siku ule muzee atashika nyundo, miye siko pale."

Akatoka. Hakuna aliyeuliza sababu, maana hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Miaka saba iliyopita Papa Zéphyrin alipiga kengele, Kétsia akaikimbilia, akapigwa risasi kwenye daraja. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wote walilijua hilo. Mimi nilijua zaidi yao, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia mzee apige, na nilimwambia uongo ili apige. Miaka saba sikumwambia mtu yeyote, si mume wangu, si padri kwenye kitubio.

Directeur alinifuata nje. "Madame Mapendo, andika vizuri. Andika mpaka moyo ya ule mama ilainike, ili na muzee apige, na mama akuwe pale. Weye njo uko na kalamu."

Nilijibu sawa.

Basi nilimwendea mzee chini ya mti wa avoka, yaani parachichi, ofisini kwake, kama tunavyotania. Kwenye tawi la mti huo inaning'inia jante, chuma cha gurudumu la lori. Zamani kulikuwa na kengele ya shaba iliyoletwa na mapadri, lakini iliibwa katika vita vya kwanza, na lori moja la Butembo lililozama matopeni likatuachia jante hiyo kama malipo ya kulikwamua. Papa Zéphyrin ana miaka sitini na minane, mrefu, mkavu, goti la kushoto limevimba siku zote. Ana saa ya mezani aliyopewa na padri, anaifunga katika kitambaa na kuivaa shingoni. Usicheke. Mwalimu akichelewa dakika mbili, mzee anasubiri mpaka afike getini, ndipo anapiga huku amemkazia macho. Mimi amenikazia macho mara nyingi kuliko wenzangu wote.

"Papa," nilimwambia, "nimetumwa kuandika maisha yako."

"Miye siko mutu ya kuandikwa, Madame. Andika tu: jua ilitoka, akapiga. Jua ikashuka, akapiga. Njo maisha yangu."

Lakini nilikaa, na polepole akazungumza. Babake alikuwa Munyanga wa msituni, mwindaji wa kutumia mbwa, tena mpigaji wa ngoma ya gogo, ile isiyo na ngozi, inayopeleka habari kijiji hadi kijiji. Zéphyrin alisoma hadi darasa la pili tu, kwenye kanisa la majani, kisha akarudi kwenye mitego. Mapadri walipokuja kujenga shule alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, akabeba mawe kutoka mtoni miezi saba. Walimpa jembe, kisha ufunguo, kisha kengele. Amewazika wake wawili. Watoto wake wote walisoma hapa, na mmoja sasa ni muuguzi huko Goma, anamtumia dawa ya goti ambayo mzee anawagawia jirani wenye magoti.

Babake hakufurahia mwanawe kupiga chuma cha Wazungu. Hata hivyo alimfundisha sharti moja la wapiga ngoma, na mzee alinitajia taratibu ili niliandike vizuri. "Ule anapiga, apige kile aliona. Hapana kile aliambiwa. Macho yake, kisha mukono yake."

Niliandika. Kisha nikajifanya nafukuza nzi.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu ambalo mgeni hawezi kulijua. Risasi zikilia, kijiji kizima hukimbilia msituni, kwenye vibanda vya wawindaji, mwendo wa saa mbili kwa njia zinazopinda, lakini si mbali kwa sikio. Huko simu haishiki. Utajuaje kwamba kijijini kumetulia? Ukipiga baragumu au mayowe, wenye silaha watajua kuna watu wanaitwa. Papa Zéphyrin ndiye aliyebuni njia, katika vita vya kwanza. Alikuwa wa mwisho kukimbia na wa kwanza kurudi. Akirudi, anazunguka kijiji pande nne: kisimani, shamba la mihogo la parokia, njia ya Mpofi, na daraja. Akishaona pande zote kwa macho yake, anapiga kengele ya kuingia darasani: mara tatu, kimya, mara tatu. Askari akisikia, anasikia shule tu. Sisi tunasikia: rudini nyumbani. Hata bibi ambao hawakukalia dawati siku moja walikuwa wakirudi kwa kengele hiyo, na Waprotestanti pia, ingawa ni chuma cha Kikatoliki. Kwa zaidi ya miaka ishirini haikukosea hata mara moja.

Mwaka ule tulikuwa msituni siku tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na ndio mwaka wangu wa pili kufundisha darasa la sita. Nilikuwa na watoto thelathini na mmoja wa mtihani wa kitaifa, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba wote watafaulu. Kila jioni kibandani niliwauliza hesabu wale waliokuwa nami, nikimkumbuka Kétsia, ambaye darasani alikuwa anajibu kabla sijamaliza swali. Shati lake jeupe la shule alikimbia nalo, amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki, ili lisichafuke kabla ya siku yenyewe. Yeye na mama yake walijificha ng'ambo ya daraja, sisi upande wa huku.

Alhamisi asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikatoka peke yangu. Njiani nilikutana na mwenye pikipiki. Aliniambia darajani ni shwari tangu jana, kisha akaenda zake haraka. Nilimkuta Papa Zéphyrin ameketi chini ya avoka, goti limejaa kama papai. Alikuwa ameshaona pande tatu. Bado daraja.

"Acha goti ipumuzike kidogo," alisema. "Nitaenda kuona, kisha nitapiga."

Nilihesabu kichwani. Apumzike, aende, arudi, ni mchana. Watu wakusanye vitu, watoke msituni, ni usiku. Ijumaa inapotea, na watoto wangu hawajashika kalamu siku tisa.

"Papa, miye nimepita kule," nilimwambia. "Nimeona kwa macho yangu. Hakuna mutu."

Alinitazama. Alinitazama uso, kisha akatazama chini, kisha akainuka, akachukua nyundo. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Wenye silaha walikuwa wamelala kwenye nyasi za ng'ambo. Waliposikia miguu ya watu inakimbia, wakafyatua. Kétsia alikuwa mbele ya wote kwa sababu alikuwa anawahi darasani. Alikuwa amevaa lile shati.

Mtihani wenyewe uliahirishwa wiki tatu. Ndiyo, umesoma vizuri, uliahirishwa. Redio ilikuwa imetangaza tangu Jumatano, lakini msituni nani ana betri. Watoto wangu ishirini na tisa kati ya thelathini waliobaki walifaulu, nikasifiwa kanisani kwamba ni mwalimu hodari.

Siku ya maziko watu walimzunguka mzee, wakamuuliza. Nilikuwa nyuma yao, nasubiri ataje jina langu. Alisema, "Sikufika kwa daraja." Basi. Wangeweza kumpiga, na wengine walitaka, lakini alikuwa Papa Zéphyrin, kila mmoja wao aliingia darasani kwa mkono wake. Walimwacha. Ila tangu siku hiyo kengele ya kurudi ikafa. Tukikimbia sasa, kila mtu anarudi anavyojua mwenyewe, na tumezika watu kwa sababu hiyo pia. Hao nao nawahesabu kwangu.

Mama Kétsia hakumtukana. Alifanya jambo gumu zaidi: hakumsalimia tena. Mzee akienda kununua chumvi, mama anaiweka kwenye ubao wa duka, hampi mkononi, na macho yake yako barabarani mpaka mteja huyo aondoke. Kwetu kumpa mtu kitu mkononi ni salamu. Hata adui hupewa mkononi ikiwa amekuzidi umri. Miaka saba mzee aliokota chumvi yake kwenye ubao. Na kengele ya saa moja na nusu ikilia, redio ya dukani inafunguliwa kwa sauti ya juu.

Mimi nilipewa mkononi. Nilipewa zaidi ya hapo. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya mtoto, Mama Kétsia ananiita kwake, anapika ugali, samaki na maharagwe, anafukuza watu wengine wote, anasema, "Weye njo ulimujua muzuri. Niambie tena namna alikuwa ku calcul." Nami ninamwambia. Ninamweleza jinsi alivyokuwa anajibu hesabu kabla swali halijaisha. Anacheka, analia, ananiongezea samaki. Na mimi nilikula. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote, kwamba nilikula na nikashiba.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hawakusema lolote juu ya aliyemtia mwenzake kovu kisha akaja kumpulizia.

Niliandika ukurasa wangu kwa siku nne. Ulikuwa mzuri, nisijidanganye: mawe ya mtoni, ufunguo, saa ya shingoni, ngoma ya babake. Juu ya siku ile niliandika, "Alipitia pia majonzi makubwa pamoja nasi." Sentensi ya kunawa mikono. Nikamalizia: "Daima alipiga kile alichokiona kwa macho yake." Nikampelekea nimsomee.

Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika mwisho, alifumbua. "Toa ile 'daima'."

"Papa, ni neno moja tu."

"Ni uongo moja tu. Toa."

Kisha nikasema lile ambalo kwa miaka saba hatukuwahi kulisema, yeye na mimi, ingawa tunaonana kila siku iliyoumbwa. "Papa, uongo ule ni wangu. Kwa nini hukusema?"

Alichukua muda kufungua kitambaa, akaangalia saa, akaifunga tena. "Ningesema, bangekufukuza. Ao bangekuua. Na classe ya sita ingebakia bila mwalimu, na batoto balikuwa na examen." Alikohoa. "Lakini haiko ile tu, Madame. Njia ya daraja iko na matope mwekundu, mwaka muzima. Ile asubui niliangalia miguu yako. Haikuwa na matope."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Ulijua," nilisema.

"Macho yangu ilijua. Goti yangu ilikuwa inauma, nikaiambia macho inyamaze. Njo maana sikukutaja. Weye ulidanganya mutu. Miye nilidanganya ngoma ya baba yangu. Sasa andika ile unataka, lakini toa 'daima'. Na uambie Directeur sitapiga. Mama Kétsia akuje kwa fête ya masomo ya mutoto wake. Miye nitaikala nyuma, na batoto ya nyumba yangu."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, fikiria! Nilikasirika kwamba alijua na akapiga, kwamba nimebeba mzigo wote miaka saba kumbe ulikuwa wa watu wawili. Nilitembea huku na huku jikoni, nikagombeza sufuria. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu peke yake. Kwa maana yeye alibeba nusu yake mchana kweupe, mbele za watu, kila siku kwenye ubao ule wa duka, pamoja na nusu yangu juu yake. Mimi nilibeba yangu mahali pasipoonekana, na juu yake nikawekewa samaki.

Habari kwamba mzee hatapiga ilifika dukani kabla ya mimi kufika. Mama Kétsia akasema basi atakuja kwenye sherehe.

Siku ya yubile jua lilitoka mapema kama lililoalikwa. Viti vilifika kwa pikipiki, mchele ukachemka katika mapipa, watoto wakaimba wimbo wangu na kuuharibu mahali palepale walipouharibu kwenye mazoezi. Misa ilikuwa ndefu. Mjumbe wa askofu alikagua choo, na mlango ulifunga. Mama Kétsia alikaa safu ya pili, amevaa kitenge cha yubile chenye picha ya shule, mgongo umenyooka. Papa Zéphyrin alikaa nyuma kabisa, karibu na avoka, amevaa koti la marehemu kaka yake. Directeur Nestor alikuwa amempa kijana wa skauti nyundo apige mapigo hamsini badala yake.

Nikaitwa. Nilisimama na karatasi yangu. Nilisoma juu ya mawe ya mtoni, watu wakaguna kwa kupendezwa. Nilisoma juu ya saa ya shingoni, wakacheka, na walimu wenzangu walicheka kuliko wote. Nilisoma juu ya ngoma ya babake na sharti la macho na mkono. Nikafika kwenye majonzi makubwa. Mbele yangu nilimwona Mama Kétsia ameshusha macho, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, ananisubiri mimi, rafiki yake, nipite mahali pale polepole nisimuumize.

Sikuweza kupita. Si ushujaa, naomba nisisifiwe. Mdomo ulikataa tu, kama punda aliyefika kwenye maji.

"Siku ile," nilisema, na haya hayakuwa kwenye karatasi, "Papa Zéphyrin alikuwa ameona pande tatu. Alitaka kwenda darajani kuona mwenyewe. Mimi nilimwambia nimetoka huko, nimeona kwa macho yangu, hakuna mtu. Sikuwa nimefika huko. Nilimdanganya kwa sababu ya mtihani. Aliyemrudisha Kétsia ni mimi."

Ukimya wa watu mia nne si ukimya mdogo. Hata mapipa ya mchele niliyasikia yakichemka. Kutoka nyuma sauti ya mzee ilisikika, ya hasira, "Madame, ile ilikuwa yangu!" Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akipaza sauti katika maisha yangu.

Mama Kétsia aliinuka. Nilidhani anakuja kunipiga, na ningemshukuru. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akashuka katikati ya viti hadi nyuma, mpaka kwenye avoka. Akasimama mbele ya mzee. Kisha akashika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama tunavyomsalimia mtu mzima, akamnyooshea.

"Papa, jambo," alisema.

Mzee alisimama kwa taabu. "Jambo, mama," alijibu. "Miye pia sikuenda kuona. Miguu yake haikuwa na matope, na niliona. Musiniondolee yangu."

"Nimesikia," alisema Mama Kétsia. "Sasa twende tuone."

Wakaondoka. Wawili tu, mzee na fimbo yake, mama na kitenge chake cha yubile, wakashika njia ya daraja. Mjumbe wa askofu alimuuliza Directeur ni nini kinaendelea, Directeur akamwambia ni desturi ya hapa, Monseigneur, tunaomba tusubiri. Tukasubiri. Mchele uliungua. Jua lilituwakia, watoto wakalala miguuni pa mama zao, na hakuna aliyethubutu kuondoka wala kuniambia neno. Nilibaki nimesimama pale na karatasi mkononi kwa sababu sikujua nani sasa angenipa kiti.

Walirudi baada ya saa nzima. Miguu yao ilikuwa myekundu hadi kwenye vifundo, na kitenge cha yubile kilikuwa kimeharibika. Mzee alimnyang'anya skauti nyundo. Hakupiga hamsini. Alipiga mara tatu, akanyamaza, akapiga mara tatu. Katika viti watu wazima walianza kulia kwa sauti, maana hatukuwa tumeisikia kengele hiyo miaka saba, na kila mmoja alikumbuka ni wapi alikuwa amejificha alipoisikia mara ya mwisho. Mama Kétsia alisimama kando ya jante, mkono mmoja ameuweka kwenye shina la avoka, mpaka mlio ukaisha kabisa.

Kamati ya wazazi ilikutana Jumapili juu yangu. Wengine walitaka nifukuzwe, wengine wakauliza darasa la sita atalifundisha nani, na mpaka leo ninapoandika hawajakubaliana. Mume wangu anaongea nami, lakini kwanza anafikiri. Kwenye kitubio nilikwenda. Yote hayo nayaweza.

Jumatatu sabuni iliisha nyumbani. Nilikwenda dukani, nikasalimu. "Jambo, Mama Kétsia." Hakujibu. Alitoa kipande cha sabuni rafuni, akakiweka kwenye ubao, akageuza macho barabarani. Nilikiokota. Redio ilikuwa imezimwa.

Nilipofika kwenye geti la shule, Papa Zéphyrin alikuwa chini ya avoka na nyundo yake. Aliangalia sabuni mkononi mwangu.

"Ameweka kwa mbao?" aliuliza.

"Kwa mbao, Papa."

Alitikisa kichwa, akafungua kitambaa, akatazama saa. "Umechelewa dakika mbili, Madame," alisema, akapiga.